Bomba ni la wote: namna ya kuchaji gari la umeme Lubumbashi pamoja na wenzako

Aliyekulia mitaa yetu ya Lubumbashi, iwe Katuba, Ruashi au Kenya, anaijua foleni ya maji. Alfajiri bidoni za njano zimeshapangwa mbele ya robine ya bomba, kila moja na alama yake: hii ina kitambaa chekundu kwenye mkono, ile imeandikwa kwa rangi. Mama anaweza kuweka bidoni yake, akarudi nyumbani kuwasha makaa, na nafasi yake isipotee, kwa kuwa jirani ataisogeza mbele kwa mguu zamu ikifika. Ila kuna jambo ambalo hakuna anayethubutu kulifanya, nalo ni kuacha bidoni iliyojaa chini ya robine na kwenda zake.

Gari la umeme limetuletea foleni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba bidoni hii ina tani moja na nusu, imefungwa kwa ufunguo, na hakuna jirani wa kuisogeza kwa mguu. Mwenyewe asipokuja, robine imefungika.

Ninawaandikia wale tulioanza kuendesha magari haya hapa Lubumbashi. Mahali ninapochajia mimi ni kiwanja cha kuegesha magari: nguzo mbili za kuchajia ukutani, prizi tatu za kawaida, jenereta nyuma ya ghala, mlinzi wa mchana na mlinzi wa usiku. Tunaotumia pale hatuzidi watu kumi na karibu wote tunafahamiana. Niliamini kwamba watu kumi wanaosalimiana hawawezi kukosana kwa sababu ya umeme. Tumekosana mara kadhaa, na mara moja kosa lilikuwa langu. Nitalieleza likifika mahali pake.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla hujatoka nyumbani

Adabu ya kwenye nguzo inaanzia kwenye hesabu. Anayejua anahitaji kiasi gani hakai saa tisa mahali ambapo saa tatu zingemtosha.

Chukua gari lenye betri ya kilowati-saa 60, yaani uniti 60 kama zile za kwenye mita ya nyumbani. Kulitoa asilimia 20 hadi 80 ni uniti 36. Prizi ya kawaida ya volti 220 ikitoa ampea 10 inakupa kilowati 2.2, kwa hiyo uniti 36 zitachukua saa 16 au zaidi. Nguzo ya ukutani ya ampea 32 inatoa kilowati 7, na kazi ileile inaisha kwa saa tano na kidogo. Nguzo ya haraka ya kilowati 60, ile yenye kebo nene kama mkono wa mtoto, inaimaliza kwa kiasi cha dakika 40.

Sasa angalia safari. Gari la kawaida linatumia uniti 15 hadi 18 kwa kilomita 100. Kutoka hapa hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kama kilomita 90, kwa hiyo kwenda na kurudi ni uniti 30 hivi, labda 33 ukiwasha kiyoyozi na barabara ikiwa imejaa malori. Ukiamka na asilimia 70 kwenye betri ya 60, una uniti 42. Safari yako imeshapatikana. Waachie nguzo wanaoihitaji asubuhi hiyo.

Fahamu pia mdomo wa gari lako. Nguzo nyingi za ukutani hutoa umeme uleule wa nyumbani, na chaja iliyofichwa ndani ya gari ndiyo inayoubadilisha kabla haujaingia kwenye betri. Chaja hiyo ikipokea kilowati 6.6, hata ukichomeka kwenye nguzo ya 22 utapata 6.6 tu. Basi ukikuta nguzo ndogo na kubwa zote ziko wazi, na gari lako haliwezi kunywa zaidi ya ile ndogo, chukua ndogo. Anayekuja nyuma yako huenda ana gari linaloweza kutumia kubwa yote.

Wamotari wenye pikipiki za umeme na wao wasome hapa. Betri ya pikipiki ni ndogo na chaja yake mara nyingi haihitaji hata kilowati moja. Prizi ya kawaida inatosha kabisa. Pikipiki ikikaa kwenye nguzo ya gari, ni kama kikombe kilichowekwa chini ya robine ya bidoni.

Hatua ya 2: Jua kichwa cha kebo yako

Magari yetu yametoka sehemu mbalimbali, na vichwa vya kebo havifanani. Yaliyotengenezwa kwa soko la China yanatumia GB/T. Ya Ulaya yanatumia Type 2, na kwa chaji ya haraka CCS2. Nissan Leaf nyingi kutoka Japani zina CHAdeMO. GB/T ya umeme wa kawaida na Type 2 zinafanana sana kwa umbo, zote zina matundu saba, lakini dume na jike vimebadilishana nafasi. Nimeona mtu anasukuma kwa nguvu hadi plastiki inalia. Kisipoingia kwa upole, si chako.

Njoo na adapta yako. Ukiazima ya mwenzako, irudishe siku hiyohiyo, ikiwa imefutwa vumbi, mkononi mwake mwenyewe, usimwachie mlinzi. Na adapta ya chaji ya haraka ambayo hujui ilikotengenezwa usiikubali hata ukipewa bure, kwa sababu umeme unaopita pale ni wa mamia ya volti na ikiyeyuka itaharibu nguzo ya watu wote.

Hatua ya 3: Ukifika, salimu, kisha egesha vizuri

Usianze na kebo. Shuka, msalimu mlinzi, wasalimu waliokuwepo. "Mwapoleni" moja ya kweli inafungua mazungumzo yote yatakayofuata: nani anangoja, nani yuko karibu kumaliza, umeme ulikatika saa ngapi. Mlinzi anajua kuliko skrini ya nguzo.

Kuegesha nako kuna adabu yake. Magari haya hayana tundu la chaji mahali pamoja: Leaf nyingi zinalo puani, mengine ubavuni mbele, mengine nyuma kama tundu la mafuta. Yaliyoingia kutoka Zambia yana usukani kulia, na dereva hushukia upande ambao wengine hatuutarajii, kwa hiyo muachie nafasi ya kufungua mlango. Ingia kwa mbele au kwa nyuma, vyovyote vile, mradi kebo ifike bila kuvutwa na bila kukatiza nafasi ya jirani. Kebo iliyonyooka kama kamba ya kuanikia nguo inaumiza kichwa chake na tundu la gari, na mtoto anayepita gizani ataikanyaga.

Hatua ya 4: Foleni iandikwe

Pale kwetu tuna daftari la shule, la kurasa 48, limefungwa kwa uzi kwenye dirisha la mlinzi na kalamu pembeni. Unaandika saa uliyofika, gari lako, asilimia uliyonayo na unakotaka kufika. Sikuona maana yake mwanzoni, maana tulikuwa tunaambiana tu. Lakini neno la mdomo linakaa kwa mlinzi wa mchana, na saa kumi na mbili jioni anaondoka nalo.

Anayefika kwanza ndiye wa kwanza. Bidoni haiwezi kuwakilisha gari hapa: usimtume mdogo wako akae na kiti kwenye nafasi ya nguzo wakati gari bado liko Kampemba. Lakini kanuni hii iwe na moyo. Mwenye asilimia 6 hana namna ya kwenda kutafuta nguzo nyingine, na mwenye asilimia 55 anayo. Anayempeleka mgonjwa au anayeenda kwenye kilio apewe nafasi, na huwa anapewa, ilimradi aombe mwenyewe na asimtumie mlinzi kumwombea.

Kuna swali la magari yenye injini mbili, ya umeme na mafuta kwa pamoja. Wengine wanasema hayana haki kwenye nguzo kwa kuwa yanaweza kutembea kwa petroli. Sikubaliani. Kalipia, kafika kwanza, achaji. Ninachokiomba ni kwamba akiona mwenye gari la umeme tupu amebaki na tone, ampishe, kwa sababu yeye atafika nyumbani kwa vyovyote.

Hatua ya 5: Kabla ya kuchomeka, uliza nani mwingine yuko kwenye laini

Hili hatulizungumzi vya kutosha. Nguzo zetu hazina waya wao wa peke yao kutoka SNEL, shirika la umeme la taifa. Laini inayozilisha inalisha pia taa ya uzio, simu ya mlinzi, na friza ya mama anayeuza maji ya baridi kwenye mlango wa kiwanja. Magari mawili yakivuta kilowati 7 kila moja, umeme unashuka, friza inaanza kunguruma bila kugandisha. Mara mbili mama yule alipoteza vifuko vyote vya barafu alivyovitayarisha kwa ajili ya siku ya mechi.

Basi tukapatana. Magari mawili yakiwa kwenye nguzo, kila moja linapunguza hadi ampea 16. Magari mengi ya umeme yanakuruhusu kufanya hivyo kwenye skrini yake. Inachukua sekunde chache. Na usichomoe kitu cha mtu, hata kama ni chaja ya simu tu, ili upate prizi. Mlinzi anahitaji simu hiyo saa nane za usiku kuliko unavyohitaji asilimia tano.

Usilete ralonji ya nyumbani, ule waya wa kuongezea urefu. Waya mwembamba uliozungushwa kwenye gurudumu lake, ukivutwa umeme mwingi kwa saa nyingi, unapata joto hadi unayeyuka. Ukilazimika, inyooshe yote, ishike kwa mkono baada ya nusu saa, na ikiwa ya moto, iondoe.

Kisha soma mita mbele ya mlinzi. Piga picha. Ikiwa inaonyesha 4127.6 ukianza na 4159.1 ukimaliza, umechukua uniti 31.5, na hakuna atakayebishana na picha. Uliza bei ya umeme wa SNEL na bei ya jenereta kabla hujachomeka, maana hazilingani, na mwambie mlinzi: "Mkihamia kwenye jenereta, nijulishe kwanza." Wengi wangechagua kungoja.

Hatua ya 6: Acha namba yako mahali inaposomeka

Karatasi moja, herufi kubwa, kwenye kioo cha mbele upande wa nguzo. Si upande wa dereva kama ni mbali na nguzo. Utaona sababu hapo chini. Mama mmoja wa pale kwetu anaandika hivi chini ya namba yake, na sijaona karatasi nzuri kuliko yake:

"Nimeanza saa 1 jioni na asilimia 30. Ninahitaji hadi 85, karibu saa 5 usiku. Nikichelewa nipigie, siendi mbali. Umeme ukikatika usichomoe, niulize kwanza."

Mistari minne inajibu maswali yote ambayo mtu angekaa ndani ya gari akiyakasirikia. Ukiondoka, ondoka na karatasi yako, namba yako isibaki ikizunguka mjini.

Na ukishaiacha namba, pokea simu. Ikiwa unaingia kanisani au kwenye mkutano, mwachie mlinzi jina la mtu mwingine anayeweza kusogeza gari. Kuhusu kumwachia mlinzi ufunguo, najua wengi tunafanya hivyo na magari ya mafuta. Kwenye haya sishauri. Gari la umeme halilii likiwa limewashwa, na mtu asiyelizoea akikanyaga kidogo linaruka mbele bila onyo. Umemtwika mlinzi hatari ambayo hakuiomba.

Hatua ya 7: Asilimia 80, na lini sheria hiyo haihusu

Kila mtu amesikia: chaji hadi 80, kisha ondoka. Ni kweli kwenye nguzo ya haraka. Betri inapojaa, gari lenyewe linapunguza kasi ya kupokea ili lisiiumize, kama unavyopunguza robine bidoni ikikaribia shingo. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda uleule uliotumika kwa 60 zilizotangulia. Kukaa pale ukisubiri 100 wakati watu wawili wanangoja ni kuwanyima dakika ambazo wewe mwenyewe hupati kitu kwazo. Hapo ondoka na 80.

Kwenye nguzo ya ukutani ya kilowati 7 mambo ni tofauti. Umeme ni mdogo kiasi kwamba gari halina haja ya kupunguza hadi karibu na mwisho kabisa. Kumfukuza mtu kwenye nguzo ya polepole kwa sababu tu amepita 80 ni kumwonea. Pale kipimo ni safari yake na foleni iliyopo.

Jambo jingine: magari mengi ya China, BYD yakiwemo, yanatumia betri ya chuma na fosfati, LFP, isiyo na kobalti wala nikeli. Nalitaja kwa sababu katika mji huu, ambako malori ya kobalti yamepita kwa miaka mingi kutoka migodi ya Kolwezi kuelekea mpakani, watu hudhani kila betri ina jiwe letu ndani yake. Betri za LFP zinahitaji kujazwa hadi 100 mara kwa mara, wengi wanasema angalau mara moja kwa wiki, ili kipimo cha asilimia kisianze kudanganya. Kwa hiyo mwenye gari hilo akisema anahitaji kujaza kabisa, hadanganyi. Ila achague usiku wa manane au Jumapili asubuhi, si Ijumaa jioni.

Likishajaa, lisogeze. Nje huko wamelifanya kuwa suala la pesa: kampuni ya Tesla ilitangaza Desemba 2016 kwamba itatoza kwa dakika gari lililomaliza kuchaji na bado limeziba nguzo. Sisi tumekubaliana robo saa. Ndani ya robo saa hakuna swali. Baada ya hapo unapigiwa simu.

Na simu ina namna yake. Pigo la kwanza lisiwe la hasira:

"Mwapoleni, Papa. Samahani kukusumbua usiku huu. Ni mimi mwenye gari jeupe hapa kwenye nguzo. Gari lako limefika 100, nami nimebaki na 11. Ukipata nafasi ya kushuka kulisogeza, nitashukuru sana, mukwai."

Sijawahi kumsikia mtu anakataa ombi la namna hiyo. Ila anayepigiwa akiwa mama na ni saa sita usiku, usimwite ashuke peke yake. Mhakikishie kwamba mlinzi atakuwa naye pale, au ungoje.

Hatua ya 8: Usichomoe gari la mtu kabla hujajua

Hapa ndipo kosa langu lilipo.

Ilikuwa Juni, baridi ya kiangazi, saa nne usiku. Nilifika na asilimia 9. Nguzo zote mbili zina magari. Moja linawaka taa, jingine, la rangi ya majivu, taa yake imezimika. Nikajiambia limemaliza. Mlinzi alikuwa ameenda kuchota maji. Kichwa cha kebo hakikuwa kimefungwa, nikakivuta, kikatoka. Nikalisukuma gari langu karibu, kebo ikafika, nikachomeka, nikalala kwenye kiti.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Umeme ulikatika saa mbili na kurudi saa tatu. Nguzo ile haianzi tena yenyewe baada ya umeme kurudi. Lazima mtu aiguse. Gari la majivu lilikuwa limesimama kwenye asilimia 41, na mwenyewe, mzee wa heshima, alikuwa amelala nyumbani akijua asubuhi atalikuta limejaa. Alikuwa anaenda Likasi kwenye kilio cha dada yake mkubwa. Kilomita 120. Kwa betri yake ile ya uniti 50, asilimia 41 hazifiki kwa uhakika. Alipanda basi, akafika watu wameshatoka makaburini.

Karatasi yenye namba yake ilikuwa kwenye kioo. Ilikuwa upande ambao sikuzunguka kuuangalia. Hatua sita tu. Kama ningezunguka ningempigia, angeniambia chomeka langu tena, nami ningengoja.

Nilienda kwake na mlinzi kumwomba radhi. Alinijibu kwa upole kuliko nilivyostahili, na nilipotoka pale ndipo nilipoanza kuandika kanuni hizi kwenye jalada la lile daftari.

Kwa hiyo, kabla mkono wako haujagusa kebo ya mwingine, fanya haya kwa mpangilio. Zunguka gari lote. Tazama taa ya nguzo na taa ya gari, ukijua kwamba rangi hazina maana moja: kwenye magari mengine kijani kinachopepesa ni kuchaji na kijani kilichotulia ni kumaliza, mengine yana mpango wake. Taa iliyozimika haimaanishi chochote, hasa mjini kwetu. Soma asilimia kwenye dashibodi kupitia kioo kama inaonekana. Piga namba. Muulize mlinzi. Ukikosa jibu kwa yote hayo, ngoja. Ikiwa mwenyewe ameandika kwamba akimaliza unaweza kuchomoa, na asilimia inaonyesha kweli amemaliza, simamisha kwanza chaji kwa kitufe au kadi, kisha chomoa taratibu, funga kifuniko cha tundu lake, na mtumie ujumbe wenye picha. Kebo iliyofungwa usiivute kamwe. Kufuli yake inaweza kuvunjika ndani, na gari likakataa kuchaji hadi litengenezwe.

Hatua ya 9: Umeme ukikatika

Hii ndiyo sehemu ambayo miongozo ya Ulaya haina, na kwetu ndiyo ya kila wiki.

Ukikatika, anayechaji hapotezi zamu yake. Hilo liwe la kwanza. Alikuwa chini ya robine maji yalipokoma. Maji yakirudi, ni yake. Kwetu tumeweka mpaka: ukizima chini ya saa moja, kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Ukizima zaidi, mlinzi anawapigia wote walioandikwa kwenye daftari, na kila mmoja anasema kama bado anahitaji. Aliyekuwa kwenye nguzo anaendelea hadi kiwango alichokiandika, si zaidi. Kuandika 60 halafu kukaa hadi 95 kwa kuwa umeme umerudi na nguvu ni kumla mwenzako.

Ukirudi, msianze wote kwa pamoja. Dakika kumi za mwanzo umeme wetu mara nyingi hupanda na kushuka. Nyumba zote za mtaa zimewasha friji na pasi kwa wakati mmoja. Ngoja taa za uzio zitulie. Kisha gari moja lianze, la pili lifuate baada ya dakika tano. Mara moja tulianza wawili kwa sekunde ileile, swichi kuu ya ukutani ikaruka, na fundi aliyekuwa na ufunguo wa sanduku lake alikuwa amesafiri.

Ukiwa umeacha gari usiku, mpigie mlinzi kabla ya kulala na tena alfajiri. Swali moja: "Kebo yangu inafanya kazi?" Programu ya simu inaweza kukuambia, lakini gari likikosa mtandao litakuonyesha habari za saa mbili zilizopita.

Hatua ya 10: Mvua, vumbi na mafuta

Novemba hadi Aprili mvua inanyesha na kiwanja kinakuwa tope jekundu. Vichwa vya kebo vimetengenezwa kuhimili mvua, havikutengenezwa kulala kwenye dimbwi. Ukimaliza, kirudishe kwenye ndoano yake. Radi za huku ni kali. Dhoruba ikiwa juu yenu kabisa, simamisha chaji na usubiri ipite. Kiangazi tatizo ni vumbi: pangusa kichwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuchomeka.

Ukikuta gari la petroli limeegeshwa kwenye nafasi ya nguzo, mara nyingi mwenyewe hajui ni nini kile ukutani. Muoneshe. Usilizibe gari lake kwa hasira.

Hatua ya 11: Kuondoka

Chomoa, funga kifuniko cha tundu la gari, kunja kebo kwa mizunguko mikubwa bila kuisokota, itundike. Soma mita tena na mlinzi, lipa mbele yake, andika saa kwenye daftari. Ikiwa ulipunguza au kuongeza ampea, mwambie anayefuata. Kisha mpigie mwenyewe yule wa zamu inayofuata, usimwachie mlinzi: "Nguzo ya kushoto iko wazi, umeme upo, mwanzo wako wa mita ni 4159.1."